Usiondoke Bila

Jumatatu, Machi 2. Mto: mita mbili.

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kuandika. Tuone kati yetu nani atachoka mapema.

Madam, mkuu wa ofisi, ameagiza kila mmoja aweke kumbukumbu ya kazi yake mpaka tuhamie kwenye mtambo mpya. Hakusema isiwe na maneno mengi. Basi, ewe utakaesoma, ujue umebahatika: mimi ndie kijana pekee alieajiriwa humu bila cheti. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe ndiyo iliniacha, inategemea unamuuliza nani. Mwalimu wa lugha alikuwa ananirudishia daftari limejaa wino mwekundu, utadhani kuna mtu aliechinjia kuku juu yake. Kompyuta haijawahi kunifanyia hivyo. Kompyuta na mimi tunaelewana.

Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la kufuli. Kazi yetu ni mto. Darajani kuna nguzo iliyochorwa mita, na kila nyumba ya bondeni ina ukurasa wake kwenye simu. Mto ukipanda, simu inalia, unafungua, unasoma ufanye nini. Nyumba ni mia nne na kumi na mbili, kwa hiyo hatuandiki kurasa moja moja. Tuna violezo. Kiolezo ni barua yenye matundu. Kwenye tundu umeandika jina la kitu, labda kimo au mtaa, na mashine inachomeka kitu chenyewe. Majina hayo ndiyo vigeu. Ukitaja kigeu ambacho hakuna anaekileta, mashine hailalamiki. Inaacha tundu wazi na kuendelea na safari zake, kama mtu aliekukanyaga sokoni.

Jumatano, Machi 4. Mto: mita mbili.

Nimegombana na Kamusi. Huyu ndie fundi mkuu, ana shahada na kalamu nyekundu mfukoni. Jina la Kamusi nimempa mimi. Hawezi kupita mbele ya tangazo la duka bila kulisahihisha.

Ameambiwa ahakikishe violezo vyote tisini havitaharibika tukihama. Akaviendesha kimoja kimoja, akaangalia kurasa, akanawa mikono.

"Vyote safi, Dogo."

"Vimetoka safi mto ukiwa mita mbili, kaka. Mle ndani kuna 'kama'. Kama mto uko chini ya tisa sema hili, ukipita tisa sema lile. Wewe umepitia mlango mmoja tu."

"Nitaidanganya mashine kwamba mto uko kumi."

"Na 'kama' zilizo ndani ya 'kama' nyingine? Utazidanganya zote? Utatoka humu na mvi."

"Wewe ungefanyaje, profesa?"

"Ningevisoma bila kuviendesha. Juu mpaka chini, milango yote, hata iliyofungwa. Naandika kila kigeu kilichotajwa, halafu nauliza: wewe, nani anakuleta?"

Madam alikuwa mlangoni. Akasema, "Fanya."

Kamusi akarudi mezani kwake. Mimi nikapiga mluzi mpaka nyumbani.

Jumatatu, Machi 9. Mto: mita tatu.

Programu yangu nimeipa jina la Chungulia. Inasoma kama mwizi anavyosoma nyumba: hagusi kitu, anahesabu madirisha.

Ijumaa, Machi 13. Mto: mita nne.

Chungulia amemaliza. Vigeu mia mbili na kumi na viwili. Mia mbili na kumi na kimoja vina wa kuvileta. Kimoja hakina.

aliebaki — hakuna anaekileta.

Kipo kwenye kiolezo kimoja cha zamani, nyuma ya ule mlango wa mita tisa. Nimekifungua nikakisoma kwa macho yangu. Sentensi inasema: Ondoka sasa. Usiondoke bila, halafu tundu, halafu nukta.

Nikampigia Kamusi kelele kutoka kwenye kiti changu. "Nani anatuletea aliebaki?"

Nikasikia vidole vyake vinagonga. Vikagonga tena.

"Nimetafuta kwenye violezo vyote tisini. Hakuna neno hilo popote."

"Ninalo hapa mbele yangu!"

"Na mimi nimetafuta, hakuna. Programu yako inaota, Dogo."

"Njoo uone basi."

"Siwezi kuinuka kwa ajili ya ndoto ya mtu."

Na mimi kwa kiburi sikumpelekea. Nikatafuta tena kwangu: lipo. Nikamwomba atafute tena kwake: halipo. Ukuta unaotutenganisha ni mbao nyembamba, unapitisha hata chafya.

Kiolezo hicho alikiandika Fundi. Fundi ndie aliekuwa hapa kabla ya Kamusi, ndie alieanzisha kila kitu, na alipotea kwenye mafuriko miaka minane iliyopita. Hakupatikana. Koti lake bado limetundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Madam haruhusu liguswe.

Ijumaa, Machi 20. Mto: mita tano.

Kwetu ni bondeni. Tuko watatu: baba, bibi na mimi. Bibi miguu yake haimbebi tangu sijazaliwa. Mvua ikikolea hafungi komeo la mlango, na karibu yake anaweka kigoda cha pili. Leo nikamtania.

"Bibi, unamsubiri mchumba?"

"Mchumba gani, mtundu wewe. Namsubiri alienibeba."

Mimi najua nusu ya hadithi, na ni nusu mbaya. Siku ya mafuriko yale nilikuwa na miaka kumi. Simu ya baba ililia. Akasoma kwa sauti, akasema imekatika. Tukatoka mbio, mimi na baba na mama wadogo wawili na watoto wao. Tulipofika kileleni ndipo tukahesabiana. Kila mtu alidhani bibi yuko na mwenzake.

Nusu nyingine leo nimeisikia kwa bibi.

"Maji yalikuwa hapa," akagusa kifua. "Mlango ukagongwa mara tatu. Mtu akaita, Kijiti! Kijiti! Nikajua nimekufa, maana jina hilo aliniita mama yangu, na wote waliolijua wako ardhini."

"Alikuwa nani?"

"Kijana tu, ana karatasi kwenye mfuko wa plastiki. Akanibeba mgongoni mpaka kwenye ngazi za shule. Nikamwambia, kaa upumzike, mwanangu. Akasema, bado wengi. Akarudi majini."

"Halafu?"

"Halafu kila msimu huja. Hugonga mara tatu."

"Bibi, hilo ni bati."

"Bati haliniiti Kijiti."

Ijumaa, Machi 27. Mto: mita tano na nusu.

Mvua. Nimelala macho.

Jumatano, Aprili 1. Mto: mita sita.

Mchana, wengine wameenda kula. Nimemwendesha Chungulia mara kumi na moja, maana labda kweli anaota. Mara kumi na moja ameandika: aliebaki — hakuna anaekileta. Ya mwisho nikajikuta namjibu. Nikasema, "Nimekusikia."

Nilipoinuka nikaona maji sakafuni, chini ya koti. Dimbwi la ukubwa wa sahani. Nikatazama dari: kavu. Nikapanda kwenye kiti nikaipapasa kwa kiganja: kavu. Dirisha limefungwa. Koti nalo sikuligusa, lakini niliinama karibu. Linanuka mto.

Nimepiga deki. Sijamwambia mtu. Mimi alieitwa na mwalimu wake mbele ya darasa zima mtoto asiejua kuogopa.

Ijumaa, Aprili 3. Mto: mita sita.

Kamusi ametangaza, kwa lugha ya shahada, kwamba amesafisha daftari la nyumba, mashine inakochota vitu vya kuchomeka, kwenye mtambo mpya. Kulikuwa na safu moja ya habari ambayo haitumiwi na kiolezo chochote, akaifuta. Ijumaa ijayo anafuta mashine nzima ya zamani iliyo stoo.

Sikumuuliza safu hiyo inaitwaje. Na yeye hajaniuliza tundu langu liko faili gani. Tumekaa kama wake wenza.

Madam akatuangalia mmoja mmoja. "Huyu anasema lipo, huyu anasema halipo. Dogo, niandikie ripoti. Nataka kusoma, nimechoka kusikia."

Jumatano, Aprili 8. Mto: mita saba.

Dimbwi limerudi. Bibi anasema jana amegongewa. Na mimi nilisikia. Bati halihesabu mpaka tatu.

Ijumaa, Aprili 10. Mto: mita saba na robo.

Kuanzia leo naandika aliye, ambaye, ndiye. Hata nikiwa naandika gizani. Sababu ni hii.

Asubuhi nilichapa ripoti, ukurasa mmoja. Kamusi akaipokonya kwenye printa.

"Ripoti haifiki kwa mkuu na makosa ya darasa la tatu," akasema. Kalamu nyekundu ikatoka.

Nikakaa juu ya meza yake kumkera. Alikuwa anasoma na kuchomeka y kila mahali, kama mtu anayeshona vifungo. Alieandika, y. Ambae, y. Aliebaki, y, na kamshale kadogo kuonyesha inapoingia. Akaendelea nusu mstari. Kalamu ikasimama.

"Hili neno umeandika wewe?"

"Lipi?"

"Aliebaki. Umelitunga au umelinakili?"

"Nimelinakili kwenye kiolezo, herufi kwa herufi. Mimi hapo si mwandishi, kaka, ni mpiga picha."

Hakucheka. Alikuwa anaitazama ile y aliyoichora kama mtu aliyeona nyoka kwenye kiatu.

"Dogo. Ile safu niliyoifuta inaitwa aliyebaki."

"Si ndiyo hiyohiyo?"

"Kwa mdomo. Kwa mashine ni watu wawili wasiojuana. Mimi nilikuwa natafuta yenye y. Wewe ulikuwa unasoma isiyo na y. Kila mmoja alikuwa ameshika nu..."

Hakumaliza. Akainuka, kiti kikaanguka. Nami nikakumbuka: leo ni Ijumaa. Mashine ya zamani ilianza kufutwa saa nne, na ukutani ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Kwenye mtambo mpya safu ilikuwa imeshakwenda. Iliyobaki duniani ilikuwa ile ya stoo.

Sijawahi kumwona mtu mwenye shahada akiruka ndoo. Aliruka ndoo, akaanguka kifudifudi mlangoni mwa stoo, akatambaa, akang'oa waya ukutani na soketi yake.

Giza. Tukabaki tunahema.

"Imekula?" nikauliza.

"Sijui."

Tulikaa mpaka saa kumi tunaifufua. Ilikuwa imekula picha, barua, ripoti za miaka yote. Daftari la nyumba lilikuwa linafuata kwenye foleni. Tulilikuta zima, nyumba mia nne na kumi na mbili, na safu ya aliyebaki ndani yake.

Kamusi akarudisha safu. Halafu akanifungulia kile kiolezo, akasogea pembeni. "Iweke wewe."

Nikaweka y. Herufi moja.

Nilikuwa nikisema Kamusi anasahihisha watu kwa kujiona. Leo nimemwona amekaa sakafuni stoo, kidevu kinatoka damu, anasema peke yake, "Ningeifuta. Mikono yangu hii ningeifuta." Nikampa kitambaa changu. Ni kichafu, lakini alikipokea.

Jumatatu, Aprili 13. Mto: mita saba.

Leo tumesoma safu ile, sisi watatu, Madam amekaa katikati. Mwaka ule Fundi alipita nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja: hapa kwenu, nani hawezi kutoka mwenyewe? Akaandika walivyomwambia. Mzee wa Redio. Bi Mgongo. Pacha wa Pili. Mama wa Mashine ya Kushonea. Ilipofika nyumba yetu nikaona: Kijiti. Bibi alimtania, akampa jina la utotoni na kusahau, na yeye akaliandika bila kuuliza; jioni nitamweleza baba Kijiti ni nani.

Ukurasa ulipaswa kuziambia nyumba zote siku ya maji: usiondoke bila Bi Mgongo, usiondoke bila Kijiti. Badala yake nyumba zote ziliambiwa usiondoke bila, nukta. Baba akasema imekatika.

Mstari wa mwisho si wa nyumba. Ni wa mia nne na kumi na tatu. Kamusi aliusoma mara moja kimya kisha akasita.

"Sema," Madam akasema.

"Ofisi. Aliyebaki: Fundi. Umeandikwa siku ya mafuriko yenyewe, saa kumi na dakika arobaini."

Akatueleza polepole anavyodhani. Fundi aliona matundu yanatoka. Akafikiri daftari ndilo tupu, akalifungua, akakuta limejaa. Akajiandika yeye kwenye ukurasa wa ofisi kujaribu. Tundu likatoka tena. Kutafuta herufi moja kwenye violezo tisini, maji yako darajani, hakuna muda huo. Akachapa orodha, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaenda kuwa ukurasa yeye mwenyewe. Kwa miguu.

Madam hakulia. Alikuwa anaangalia msumari wa koti.

"Nilikuwa kwenye nguzo," akasema, "simu ya ofisi mkononi. Ililia mara mbili. Kurasa zote mbili hazikuwa na mwisho. Nikasema moyoni, huyu Fundi hata leo ana haraka. Nikawasha gari, nikaondoka."

Kamusi akakohoa. "Mstari huu niuache au niutoe? Maana mtu mwenyewe..."

"Uache."

Jumanne, Aprili 21. Mto: mita nane.

Dimbwi. Sasa nalipigia deki bila hofu. Kidogo.

Jumamosi, Aprili 25. Mto: sijui, nguzo imezama.

Naandika kwenye ngazi za shule. Penseli ni ya kuazima.

Jana saa nane mchana nguzo ilisoma nane na nusu, saa tisa ilisoma tisa na kidole. Madam alikuwa redioni na mtu wa darajani. Kamusi aliniangalia. "Nenda kwenu. Mimi na Madam tunabaki kutuma."

"Kama tundu likitoka..."

"Nenda, Dogo!"

Nilikimbia. Nilikuwa mtaa wa pili simu ilipolia mfukoni, na hapohapo nikazisikia za wengine, nyumba baada ya nyumba, madirishani, chini ya mito ya kulalia. Mtaa mzima ulilia kwa pamoja. Sikufungua yangu. Naapa sikuthubutu. Nikasikiliza watu wanavyosoma. Dirisha la kwanza: "...bila Bi Mgongo." Mlango wa pili, mtoto anasoma kwa kuunganisha silabi: "...bi-la pa-cha..." Nikaanza kulia huku nakimbia, na mvua ikanifichia aibu.

Nyumbani maji yalikuwa magotini. Baba amesimama katikati ya chumba, simu mkononi, midomo inasoma.

"Ondoka sasa," akasema. "Usiondoke bila Kijiti."

Akasimama hapo kidogo. Nadhani alikuwa anasubiri nukta ya miaka minane iliyopita. Kisha akapiga magoti ndani ya maji, akampa bibi mgongo.

"Mama, panda."

"Mgongo wako una maumivu, mwanangu."

"Mama. Panda."

Akapanda. Nikachukua dawa zake na shuka. Tulipofika kizingitini, nyuma yetu, ukutani ambako hakuna mlango, pakagongwa. Mara tatu, polepole, kama mtu asiyetaka kusumbua. Baba alisikia, shingo yake ilikakamaa. Hakugeuka. Mimi niligeuka. Kulikuwa na kigoda cha pili kinaelea, na ukuta umelowa mpaka juu kuliko maji yalivyofika.

Bibi aliangalia juu ya kichwa changu, machoni pa mtu mrefu kunizidi.

"Nenda kapumzike, mwanangu," akasema. "Leo nimebebwa na wa kwangu."

Hapakugongwa tena.

Hapa shuleni watu wanahesabiana. Mzee wa Redio yupo, na redio yake. Mama wa Mashine ya Kushonea amebebwa pamoja na mashine yake, hakukubali vinginevyo. Mpaka sasa hakuna nyumba iliyotafuta mtu.

Jumatatu, Mei 4. Mto: mita nne.

Ofisi haikuingia maji, tuko juu. Kamusi amenisimulia yao, kidevu bado kina plasta. Simu ya ofisi ililia pamoja na zingine. Madam akaufungua ukurasa, akausoma hadi mwisho, maana safari hii ulikuwa na mwisho. Kamusi akamwambia, Madam, gari liko tayari. Madam akaenda kwenye msumari, akalishusha koti, akalikunjia mikononi kama mtoto aliyelala, na ndipo akatoka. Ngazi nzima liliacha matone.

Leo nimemwendesha Chungulia. Vigeu mia mbili na kumi na viwili. Visivyo na wa kuvileta: hakuna.

Mvua ilirudi jioni. Bibi alinituma nirudishe kigoda cha pili jikoni. Halafu akasema, nimesikia vizuri, "Na komeo, mjukuu wangu. Funga komeo."